Sifa za Inchi Mbili

Washairi wa pwani wameshausifu mnazi, wamelisifu dau, na bibi harusi wamemsifu hadi wino ukawakaukia. Inchi mbili hazijapata wa kuzisifu. Nasema zile inchi mbili zinazobaki studio picha ya harusi inaposafishwa kwa saizi ya 8 kwa 10, ambazo watu huzilaani kila wanapofungua bahasha na kukuta nusu ya mgeni. Huo ni utovu wa shukrani.

Hesabu yake ni nyepesi. Kamera nyingi za wapiga picha wa harusi zina kihisi chenye uwiano wa 3 kwa 2. Ikuze picha yake mpaka kimo kifike inchi 8, upana utafika 12. Karatasi ina 10. Mbili zinakwenda na maji, moja kulia na moja kushoto, na pamoja nazo sehemu ya sita ya picha nzima. Kwa kamera ya pikseli milioni 24, hizo ni pikseli milioni 4 zilizonunuliwa kwa fedha taslimu, kisha zikasamehewa.

Sasa tazama ni nani husimama pembeni kwenye picha ya pamoja. Ni shemeji aliyefika keki imeshakatwa. Ni jirani ambaye kadi ya mchango hakuirudisha, lakini kwenye pilau alionekana mara mbili. Ni yule binamu ambaye upande wa mume unaamini ni wa mke, na upande wa mke unaamini ni wa mume. Ukoo mzima unajua kwamba hawa si watu wa kutundikwa sebuleni miaka arobaini, lakini nani atawaambia wasogee? Shangazi hathubutu. Hata mshereheshaji, aliyeitania suti ya baba mkwe mbele ya kadamnasi, hapo anameza mate. Inchi mbili hazimwogopi mtu. Hazijui nani katoka ukoo gani, hazipokei bahasha, na shemeji akija na malalamiko anajibiwa kwa upole: karatasi ndiyo ilivyo.

Neema hii haikuja kirahisi. Ilihitaji watu wasioulizana. Katika miaka ya 1890 huko Marekani, W. K. L. Dickson, aliyekuwa akimfanyia kazi Thomas Edison, aliupa mkanda wa sinema upana wa milimita 35, na kila picha ikapewa matundu manne ubavuni. Umbo lake likaangukia karibu na 4 kwa 3. Baadaye, mjini Wetzlar, Ujerumani, fundi wa kampuni ya Leitz aitwaye Oskar Barnack akaulaza mkanda huohuo, akaunganisha nafasi za picha mbili kuwa moja, akapata milimita 24 kwa 36. Kamera yake, Leica, iliingia sokoni mwaka 1925, na 3 kwa 2 ikatamalaki. Wenye 8 kwa 10 walikuwa na mambo yao: kamera zao kubwa zilitoa negativu ya inchi 8 kwa 10 kamili, wakailaza juu ya karatasi ya kipimo kilekile, na hakuna aliyekatwa hata ukucha. Wangekaa na Barnack kikao kimoja tu, chai na mandazi, leo shemeji angekuwa ukutani.

Simu nazo zimefuata 4 kwa 3, umbo la televisheni za zamani. Ukizipeleka kwenye 8 kwa 10 zinakata sehemu ya kumi na sita tu, ubahili mtupu. Lakini mpe fundi picha ya simu iliyolazwa, aitoe kwa saizi ya posta kadi, inchi 4 kwa 6, uone maajabu. Safari hii sehemu ya tisa inatoka juu na chini: ama vilemba vyote vya ukweni, ama viatu vya bibi harusi alivyokopea.

Na pale studio ndipo utamu ulipo. Kwenye kioo cha kompyuta fundi ana kisanduku cha 8 kwa 10 juu ya picha, anakisukuma kwa mausi huku na huku. Mama wa bwana harusi amesimama nyuma yake, mkoba kwapani.

"Mwanangu, mrudishe huyo mwenye kitenge cha bluu. Ni mweka hazina wetu."

"Nikimrudisha, mama, babu anabaki sikio."

Mama anavuta pumzi. Anamtazama babu, anamtazama mweka hazina. "Babu ana picha nyingine," anasema.

Kikao gani cha ukoo kingeamua jambo zito kiasi hicho kwa dakika moja, bila posho?

Maadui hawakosekani. Wapo wanaoagiza 8 kwa 12 ili picha iingie nzima, halafu wanazunguka mji mzima kutafuta fremu. Wapo wanaoomba ukingo mweupe juu na chini, kama theluthi mbili za inchi kila upande, ili pasikatwe mtu. Hao nawavumilia. Hatari ni yule mpiga picha anayerudi nyuma hatua mbili kabla ya kubonyeza, akaacha nafasi tupu pembeni, ili mkato uchukue turubai na viti vya plastiki tu. Watu wote wakatoka wazima. Mtu wa namna hiyo asipewe kazi ya harusi mpaka ukoo uwe umeshapatana.

Waliokimbilia A4 wakidhani wamepona, nao wapige hesabu upya. Karatasi hiyo ni milimita 210 kwa 297, na picha ya 3 kwa 2 ikijaza kimo chake inataka upana wa 315. Zinakatwa milimita 18. Si nyingi, lakini zikisukumwa zote upande mmoja zinamtosha mtu mwembamba aliyesimama kiubavu.