Rais wa Ukutani, Rais wa Kiunoni

Mwaka 2012 msanii wa Marekani, Chuck Close, alimtoa Barack Obama kwa nyuzi: uso mkubwa kuliko mlango, umefumwa kwa mtambo wa Jacquard unaoongozwa na kompyuta. Nakala ni chache, kila moja na namba yake, na ole wake atakayeigusa.

Makubwa! Obama huyohuyo tulishamvaa tangu 2008, kwenye kanga, sura yake katikati ya mji na maneno ya hongera juu. Mama alikata doti, akapinda, moja kiunoni, ya pili mbeleko. Rais wa matajiri anapanguswa vumbi kwa adabu. Wetu amekojolewa, akafuliwa, akaanikwa, na jioni alihudhuria arusi. Nani hapo kiongozi wa watu?