Karani Alikosea, Askari Athibitishe

Mwanajeshi wa Marekani anapomaliza utumishi wake hukabidhiwa karatasi iitwayo DD 214. Ndiyo cheti chake cha kuachishwa jeshi, na fomu hiyo imekuwapo tangu mwaka 1950. Yote aliyoyafanya jeshini, iwe ni miaka minne au ishirini, hubanwa ndani ya visanduku: jina, tarehe ya kuzaliwa, cheo, kazi aliyofunzwa, muda aliokaa ng'ambo, nishani alizopata, na mwishoni namna alivyoondoka na sababu yake. Asipokuwa na cheti hiki atahangaika kupata mkopo wa nyumba wa askari wastaafu na kulipiwa masomo, na akifa, jamaa zake watahangaika kumpatia nafasi katika makaburi ya taifa. Karatasi nzito kiasi hicho huchapwa na karani mwenye foleni ndefu, kwa ajili ya mtu ambaye begi lake limeshafungwa na liko mlangoni.

Kisanduku cha 21 ni cha saini ya mwenyewe. Kabla ya kusaini hupewa rasimu aihakiki, na utaratibu huo ni mzuri sana kwenye kanuni. Tatizo ni kwamba duniani hakuna msomaji mvivu wa nyaraka kama askari anayekwenda nyumbani. Tiketi ya basi ataisoma pande zote mbili, lakini historia ya maisha yake ataitia saini bila kuitazama. Hugundua baada ya miaka, mbele ya dirisha la benki, pale mhudumu anapomuuliza kwa upole kama kweli alikuwa mpishi. Yeye alikuwa fundi wa helikopta. Au hukuta miaka yake miwili ya Ujerumani imeandikwa kama miaka miwili ya Texas, nishani yake ya majeruhi haimo, herufi moja ya jina imeruka, na tarehe ya kuzaliwa inaonyesha alijiunga na jeshi akiwa na miaka tisa.

Kwa makosa madogo ya namna hii kuna dawa iitwayo DD 215. Hapo ndipo mgeni wa mambo ya jeshi hushangaa, kwa sababu DD 215 haifuti chochote. Cheti cha kwanza hubaki na makosa yake yote, na karatasi ya pili huja kueleza kwamba pale palipoandikwa hivi pasomeke vile. Tangu siku hiyo mstaafu hutembea na karatasi mbili, moja ya kusema uongo na moja ya kuukanusha, na ole wake akienda mahali na ile ya kwanza tu.

Makosa makubwa zaidi hupelekwa kwenye bodi. Kabla ya mwaka 1946, askari aliyetaka kumbukumbu yake isahihishwe na wakuu wake wakakataa, tegemeo lake lilikuwa mbunge wake apeleke muswada binafsi. Bunge la Marekani, pamoja na mambo ya vita na bajeti, lilijikuta likijadili kama askari fulani aliondoka jeshini au alitoroka. Wabunge walichoka. Sheria ya kupanga upya shughuli za Bunge, iliyopitishwa mwaka huo wa 1946, ikaitua kazi hiyo kwa wizara, na ndiko zilikozaliwa bodi za kusahihisha kumbukumbu za kijeshi. Wajumbe wake ni raia, si wanajeshi. Zipo nne: ya Jeshi la Nchi Kavu, ya Jeshi la Majini pamoja na Marines, ya Jeshi la Anga pamoja na Kikosi cha Anga za Juu, na ya Walinzi wa Pwani, ambao wako chini ya wizara nyingine kabisa. Anayekosea anwani hujifunza subira mapema.

Mwombaji hujaza fomu nyingine, DD 149. Aeleze kosa ni lipi, kwa nini ni kosa, na aambatanishe ushahidi: amri za uhamisho, barua, hati za hospitali, viapo vya wenzake waliokuwa naye. Ana miaka mitatu tangu alipoligundua kosa, ingawa bodi inaweza kuusamehe ucheleweshaji ikiona haki inadai hivyo, na mara nyingi husamehe. Bodi pia hutaka kwanza awe amemaliza milango mingine yote ya chini, kwa hiyo wapo wanaopokea jibu la kwanza linalowaelekeza kule walikotoka. Wasomaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa zaidi. Hiyo ni "njoo kesho" iliyovaa suti.

Bodi huanza na dhana ya kisheria kwamba ofisi ya serikali ilitenda kazi yake sawasawa, na anayesema vinginevyo ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Kwa maneno mengine, kosa huingia kwenye jalada bila ushahidi wowote, kwa kidole kimoja kilichoteleza, lakini halitoki bila ushahidi. Karani hakuulizwa alijuaje kwamba fundi wa helikopta ni mpishi. Fundi wa helikopta ndiye ataulizwa alijuaje kwamba yeye si mpishi. Na bodi ikihitaji ushauri wa kitaalamu huiandikia idara husika ya jeshi lilelile ili itoe maoni yake. Mwombaji hupewa nakala na nafasi ya kuyajibu, jambo la kiungwana, japo si vigumu kubashiri idara itasema nini kuhusu kazi yake yenyewe. Sheria inazitaka bodi zimalize asilimia 90 ya maombi ndani ya miezi 10, na ombi lolote lisivuke miezi 18.

Uzito wa karatasi mbele ya mtu mwenyewe huonekana vizuri zaidi kwa wale waliotangazwa kuwa wafu. Kati ya 2011 na 2015, idara inayowahudumia askari wastaafu ilisimamisha kimakosa malipo ya watu zaidi ya 4,000 kwa kuwa kumbukumbu zilionyesha wamekwisha kufa. Kupiga simu na kusema "mimi ni mzima" hakukutosha. Kumbukumbu ndiyo iliyopaswa kufufuliwa kwanza, mtu baadaye.

Mara nyingine hakuna hata karatasi ya kusahihisha. Majalada ya wanajeshi waliotoka kazini huhifadhiwa St. Louis, jimbo la Missouri. Usiku wa kuamkia Julai 12, 1973, moto ulizuka kwenye ghorofa ya sita ya masijala hiyo. Jengo lilikamilika mwaka 1956 bila vinyunyizio vya maji dhidi ya moto. Zama hizo wataalamu wa nyaraka walikuwa bado wakibishana: wengine waliogopa moto, wengine waliogopa kwamba vinyunyizio vingelowesha karatasi. Ubishi ukaamuliwa kwa kupata vyote viwili. Moto uliwaka kwa saa 22 bila kudhibitika, zimamoto wakamwaga mamilioni ya galoni, na mpaka Julai 16 ndipo ulipotangazwa kuzimika. Majalada kati ya milioni 16 na 18 yalipotea. Nakala hazikuwapo, filamu ndogo hazikuwapo, na hata faharasa ya kueleza ni nini hasa kilichokuwemo haikuwapo. Chanzo cha moto hakikuthibitishwa kamwe.

Kwa Jeshi la Nchi Kavu, ziliteketea takriban asilimia 80 za majalada ya walioachishwa kati ya Novemba 1912 na mwanzo wa 1960. Kwa Jeshi la Anga ni asilimia 75 ya walioachishwa kati ya Septemba 1947 na mwanzo wa 1964, lakini hapa moto ulifuata alfabeti. Majina yaliyotangulia Hubbard, James E. yalinusurika, yaliyomfuata yakaingia motoni. Ingekuwa kwetu, kina Abdallah wangepata mafao yao yote na kina Zuberi wangebaki wakieleza. Katika historia ya utawala ni mara chache herufi ya kwanza ya ukoo imeamua riziki ya watu wengi hivyo.

Yaliyosalia yalikuwa yamelowa, na kiangazi cha Missouri ni cha joto na unyevu, hali ambayo kuvu huiombea dua. Karatasi zikanyunyiziwa dawa, zikapangwa kwenye kreti za plastiki za maziwa, zikapelekwa katika chumba cha kampuni ya McDonnell Douglas kilichowahi kutumiwa kuiga hali ya anga za juu kwa ajili ya safari za Mercury na Gemini. Chumba kilifungwa, hewa ikanyonywa, na mzunguko mmoja ulitoa karibu tani nane za maji. Hivyo kabrasha la askari wa miguu ambaye maishani mwake hakupanda hata ndege lilikaushwa mahali palipoandaliwa kwa wanaanga. Majalada yapatayo milioni 6.5 yaliokolewa, mengi yakiwa na kingo nyeusi, na hadi leo yanashughulikiwa kwa glavu.

Aliyeunguliwa huundiwa jalada upya kutokana na vipande vilivyotawanyika kwingine: kumbukumbu za jimbo lake, kadi za kulazwa hospitali, na zaidi ya yote hati za malipo ya mwisho. Hizo zilitunzwa kwingine na zilitunzwa vizuri. Serikali inaweza kumsahau aliyeipigania, lakini si rahisi imsahau iliyemlipa.

Moto huo umewafaa pia waongo. Mtu anayesimulia ushujaa usio na hati ana jibu tayari: jalada liliungua St. Louis. Wengine husema hivyo huku wakijitambulisha kuwa walikuwa Jeshi la Majini, ambalo majalada yake hayakuguswa na moto ule.

Kuna kosa ambalo si la herufi wala tarehe, bali la hukumu yenyewe. Namna za kuachishwa ni tano: kwa heshima, kwa ujumla chini ya masharti ya heshima, chini ya masharti yasiyo ya heshima, kwa mwenendo mbaya, na kwa aibu. Mbili za mwisho hutokana na mahakama ya kijeshi. Tatu za kwanza hutolewa kiutawala, na hapo ndipo pana manung'uniko. Ipo bodi nyingine ya kupitia upya uamuzi huo, kwa fomu ya DD 293, ndani ya miaka 15. Ikipita miaka hiyo, mtu hurudi kwenye ile bodi ya kwanza. Tangu 2014 Wizara ya Ulinzi imeagiza maombi ya waliopata jeraha la akili vitani yatazamwe kwa jicho la huruma, kwa kuwa wengi waliadhibiwa kwa utovu wa nidhamu ambao ulikuwa ugonjwa.

Zamani cheti kilibeba hata siri. Mpaka 1974 palikuwa na namba ya sababu ya kuachishwa ambayo askari mwenyewe hakuielewa. Waajiri waliielewa, maana orodha ya tafsiri yake iliwafikia. Mtu aliomba kazi akiwa na cheti chenye neno "heshima" kwa herufi kubwa na tarakimu chache pembeni zilizosema hafai.

Mfano wa subira ndefu kupita kiasi ni wa Brownsville, Texas. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliwafukuza bila heshima askari weusi 167 wa Kikosi cha 25 kwa ufyatuaji risasi mjini, bila kesi na bila kumpata hata mmoja aliyethibitika. Jeshi lilisahihisha kumbukumbu zao mwaka 1972, miaka 66 baadaye. Dorsie Willis, aliyekuwa amepitisha miongo mingi akipiga viatu rangi mjini Minneapolis, alikuwa bado hai kupokea cheti chake na dola 25,000 za serikali. Karibu wenzake wote walisahihishiwa wakiwa kaburini.

Waafrika Mashariki wanaovaa sare ya Marekani huleta makosa ya aina yao. Fomu inataka jina la kwanza, la kati na la ukoo, na kijana aliyekulia Tanga au Mombasa ana jina lake, la baba na la babu. Jina la mwisho ndilo linaloshonwa kifuani, kwa hiyo kambi nzima huanza kumwita kwa jina la babu yake, na sajini humfokea mzee wa watu aliyefariki zamani. Pasipoti ikimtaja kwa baba na cheti cha shule kwa babu, amekuwa watu wawili. Kuhusu tarehe, aliyezaliwa tarehe 3 Aprili huandika 3/4 nyumbani, 4/3 Marekani, na jeshi huanza na mwaka. Na waliotoka Kongo kupitia makambi kama Nyarugusu, Kigoma, wengi wana siku moja ya kuzaliwa, Januari 1, waliyoandikiwa kwa kukosa hati.

Kwao kisanduku cha 24, kinachotaja namna ya kuachishwa, si cha mafao tu. Aliyepata uraia kupitia utumishi wa jeshi anaweza kunyang'anywa akiachishwa chini ya masharti yasiyo ya heshima kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi wenye heshima. Huyo asisaini kwa haraka, hata basi likiwa linapiga honi.

Bodi ikikataa, mwombaji aliyepata ushahidi mpya anaruhusiwa kurudi, na mahakama za shirikisho zipo. Aliyefariki anaweza kuombewa na mjane au mrithi wake. Maombi hayana ada, wakili si lazima, na kwenye fomu zote mbili za maombi jina la mwombaji liandikwe kama lilivyo kwenye cheti, hata kama ndilo linaloombewa kusahihishwa, pamoja na maelezo ya jina lililo sahihi. Vinginevyo jalada halitaonekana.