Mama Mkubwa Anajibu

Mama Mkubwa, mume wangu anachimba shimo chini ya kitanda chetu. Nikimgombeza anasema kiwanja ni chake.
Mama wa Wanne, Kasulo, Kolwezi

Binti yangu, kiwanja ni chake; kilicho chini ni cha Serikali. Ndivyo isemavyo sheria ya madini ya Kongo ya 2002, na uchimbaji wa mikono umetengewa maeneo yake, si vyumba vya kulala. Najua ugonjwa huu ulikotoka. Mwaka 2014 mkazi mmoja alichimba kwake akakuta heterojeniti, jiwe jeusi la kobalti, na mtaa mzima ukabomoa sakafu. Mwaka 2017 kipande cha Kasulo kikapewa kampuni ya Congo Dongfang, mamia ya familia zikahamishwa. Watoto walale kwa dada yako leo hii. Kitanda abaki nacho yeye.

Mama Mkubwa, binamu yangu wa Ubelgiji ameniletea mashine ya kusaka sarafu za kale. Kwao, anasema, watu hupita nayo bustani za umma siku ya Jumapili. Hapa inalia kila hatua, sijapata kitu, na majirani wananifuata na masururu.
Mwenye Mashine

Mwanangu, bustani ya umma Kasulo umeiona wapi? Mtu akiinama hapa na kifaa mkononi, jirani anajua ameona mshipa wa madini. Waeleze kwamba mashine yako inasikia msumari, waya na kifuniko cha bia ya Simba, na hicho cha mwisho ndicho mavuno yako yote, naapa. Heterojeniti haipitishi umeme kama chuma. Unaweza kusimama juu ya utajiri wa mtaa mzima nayo kimya. Hawatakuamini, ila umesema.

Ukipata sarafu yenye ndizi upande mmoja na msalaba upande wa pili, ni faranga ya Katanga ya 1961, enzi za Tshombe, Katanga ilipojitenga. Usikimbilie kuagiza pikipiki, haina bei hiyo. Msalaba ule ndio wenye habari. Kabla ya faranga yoyote, mafundi wa nchi hii walimimina shaba iliyoyeyuka katika kalibu za msalaba, ikawa fedha: ilinunua bidhaa, ikatolewa mahari, na kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, wafu walizikwa nayo. Ukiupata wa kweli usiupeleke depo, kwa wanunuzi wa madini, kupimwa kwa kilo kama chakavu. Jumba la makumbusho la Lubumbashi lipo.

Halafu huyo binamu. Amekuletea mashine ya kutafuta, wakati sisi kutafuta hatujawahi kushindwa. Tunaposhindwa ni depo, mnunuzi anapogusisha gunia na Metorex, ile bastola yake ya kupimia, akasoma asilimia ya kobalti mwenyewe na kutaja bei mwenyewe, na mchimbaji hana cha kuhakikishia. Mwambie safari ijayo alete Metorex. Mtaa utachanga nauli ya mzigo.