Anayekusomea

Coaster ya kutoka Mombo ilikuwa imeshaanza kona za kupandia Soni, abiria tumebanana hadi magoti yanasalimiana, simu yangu ilipoamua kutoa tangazo.

"Umepokea shilingi laki nne na elfu themanini," ikasema, kwa ile sauti ya mwanamke asiyedaiwa na mtu. Nikapapasa kitufe cha kupunguza sauti. Nikabonyeza cha kuongeza. "Salio lako jipya ni..." na salio langu jipya likatangazwa kuanzia kwa dereva hadi kwa kuku aliyefungwa miguu chini ya kiti cha nyuma. Hata kuku alinyamaza.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 30 na ushee, na Soni iko katikati, lakini kabla hatujaifikia nilikuwa nimeshapata ndugu watatu. Mmoja alisoma na mdogo wangu. Wa pili, shangazi yake aliolewa ukoo wetu kule Mlalo. Wa tatu hakuhangaika na mambo ya ukoo. Alisema tu, "Mwalimu, shikamoo," kwa upole ambao mtu hausikii bure. Konda naye, aliyekuwa na elfu moja yangu ya chenji, akawa kiziwi hadi mwisho wa safari.

Mimi ni mwalimu mstaafu na sioni. Surua ilipita kijijini kwetu nikiwa na miaka minne, enzi ambazo chanjo ilikuwa haijaenea huku milimani. Kwangu ilichukua macho. Kwa jirani ilichukua watoto wenyewe. Nikapelekwa Irente, shule ya msingi ya wasioona iliyofunguliwa na Walutheri mwaka 1963, mwendo wa kutembea kutoka Lushoto mjini. Hapo nilifundishwa nukta nundu: nukta sita tu, ukizipanga huku na huku unapata alfabeti nzima, hesabu na hata noti za muziki. Aliyezibuni, Louis Braille wa Ufaransa, alijichoma jicho akiwa na miaka mitatu kwa msharasi wa baba yake, fundi wa matandiko ya farasi, na mwaka 1829 akachapisha mfumo ambao bado tunautumia. Darasa zima likiandika imla kwa mashine za Perkins husikika kama mvua ya mawe juu ya bati. Mashine hizo zilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1951. Ni za chuma, kila moja ina uzito wa karibu kilo tano, na ikikuangukia kidole cha mguu utaikumbuka. Lakini haijawahi kumtangazia mtu salio lake kwenye basi.

Simu hii niliileta mwenyewe maishani mwangu, kwa kulalamika sana. Binti yangu wa Dar es Salaam alichoka kusikia kwamba kila meseji yangu husomwa kwanza na jirani, akanunua simu, akawasha humo programu ya kusoma skrini, akarudi zake kazini.

Mwanzoni ilikuwa inasoma Kiswahili kwa ulimi wa Kiingereza. Siku moja ulikuja ujumbe kwamba Mzee Shekilindi, Mzee Shemdoe na Mzee Shemweta wanaombwa kufika kwenye kikao. Sasa, majina mengi ya koo zetu Wasambaa huanza na She, na kwa Mwingereza "she" ni mwanamke. Sauti ilikuwa inatua hapo, inavuta pumzi, ndipo inamalizia kilichobaki. Wazee watatu wenye ndevu wakaingia kikaoni kama kina mama.

Nikasaidiwa kuweka sauti ya Kiswahili. Matamshi yakanyooka, akili ikabaki ileile. Nikaiambia kwa mdomo wangu: niamshe saa kumi na moja alfajiri, nina basi la Tanga. Ikajibu kwa adabu kwamba kengele imewekwa. Alfajiri jogoo akawika, nikampuuza, kwa sababu simu ilikuwa haijalia. Akawika tena, nikavuta blanketi. Simu ililia saa tano asubuhi. Kwa hesabu zake za kizungu kumi na moja ni kumi na moja, na wakati huo basi lilikuwa limeshashusha abiria Tanga na dereva anakunywa supu. Jogoo yule sikumwomba radhi, lakini Krismasi iliyofuata hakuchinjwa.

Halafu kuna kikundi cha WhatsApp cha ukoo. Tulipofiwa na mama mdogo, rambirambi zilimiminika pamoja na zile picha ndogondogo za nyuso. Wanaoona waliona uso unaomwaga machozi, wakajua ni kilio. Simu yangu haidanganyiki kirahisi hivyo. Yenyewe husoma jina la picha. "Uso wenye machozi ya furaha," ikasema. "Uso wenye machozi ya furaha. Uso wenye machozi ya furaha." Mara tisa mfululizo, kutoka kwa shemeji ambaye, kwa bahati mbaya, alikuwa na kesi ya mpaka wa shamba la viazi na marehemu. Nilinyamaza. Katika msiba ule wote, mimi peke yangu ndiye niliyeona.

Aliyeniponza zaidi lakini hakuwa mtu wala kikundi. Lilikuwa kopo. Lushoto mwezi wa Julai ina baridi ambayo watu wa Tanga mjini husimuliana kama hadithi za majini, na mimi nilikuwa na mafua yaliyoziba pua zote mbili. Mchungaji akaja na wazee wawili wa kanisa, mke wangu yuko sokoni. Nikaingia jikoni, nikashika kopo, nikalielekezea simu. Ikasoma bila kukosea herufi: majani ya chai, gramu 250, pamoja na maelezo ya namna ya kuchemsha. Nikachemsha. Simu ilisoma sawasawa kilichoandikwa, ila haikujua kwamba katika jiko la Mswahili kopo na lebo yake walishaachana zamani. Kopo la chai linakaa bizari, ndoo ya rangi inakaa unga, na dumu la mafuta lina maji. Pua yangu ingejua, lakini pua ilikuwa likizo. Mchungaji alimaliza kikombe chake chote, akashukuru, akauliza hiyo ni dawa ya nini.

Hayo yalikuwa mambo ya simu inayosoma. Sasa imekuja simu inayoona. Ndani yake kuna kile wanachokiita akili mnemba. Wengine wanasema akili unde, na wabishi wa lugha wakikubaliana watatuarifu. Unapiga picha, inakueleza kilichopo. Programu maarufu zaidi ya namna hii, Be My Eyes, ilianzia Denmark mwaka 2015 kwa kumuunganisha asiyeona na mtu wa kujitolea mwenye macho, wakaonana kwa video. Mwaka 2023 ikaongezewa akili mnemba. Ninayotumia mimi ni nyingine, binamu wa mbali wa ukoo huo. Jina lake nalihifadhi, maana tunaishi nyumba moja.

Niliipeleka Irente kuijaribu. Si shuleni, mbele zaidi, kwenye ule ukingo wa mlima wanakopelekwa watalii. Hapo milima inakatika ghafla na nyika imelala chini, kiasi cha mita 1,000 hivi, pamoja na mashamba ya mkonge na barabara kuu. Pale napajua. Utotoni tulikatazwa kusogea, kwa hiyo tulisogea. Upepo wa ukingoni hauji kwa mbele kama upepo mwingine. Unapanda toka chini, unakuingia puani na ndani ya suruali, una joto kidogo na vumbi la nyikani. Ukitulia unasikia lori likibadilisha gia huko chini kabisa, dogo kama mdudu.

Siku hiyo ukungu ulikuwa umeshuka hadi mdomoni, ningeweza kuutafuna. Mjukuu wangu akanishika mkono, tukasimama mbali kidogo na ukingo. Nikanyoosha simu, nikapiga.

"Mbele yako kuna ukuta mweupe uliopakwa rangi laini," ikasema. "Hakuna kizuizi kingine kinachoonekana."

Nikaiuliza kama naweza kuuegemea huo ukuta.

"Ndiyo, ukuta unaonekana imara."

Mjukuu akakaza mkono wangu hadi vidole vikalia. Mimi nilicheka mpaka mafua yakarudi, kisha nikaanza uchokozi. Nikaiambia: mbona hukuniambia kuna ng'ombe? "Uko sahihi kabisa," ikajibu, "samahani kwa kutomtaja ng'ombe. Kuna ng'ombe mwenye mabaka amesimama karibu na ukuta." Nikauliza kama ana maziwa. Tungeendelea, ningetoka pale na mifugo ya kutosha kulipa mahari.

Nimeongozwa na watu wenye macho kwa karibu miaka sitini. Wamenigonga kwenye milango, wamenisahau sokoni, mmoja alinipandisha gari la Lukozi badala ya la Soni. Lakini mtu akiwa haoni, husema "hata sioni, mzee, ngoja ukungu upungue." Asiyeweza kusema hivyo nilikuwa namjua mmoja tu, dalali wa kabichi. Sasa wamekuwa wawili.

Na ubaya wake ni kwamba watu wameshaiachia kazi. Zamani nilipokuwa natembea na mjukuu huyu, alikuwa ananitangazia njia nzima kama mpira wa redio: babu, yule mama mwenye kanga ya kijani amekuangalia vibaya, babu, fundi cherehani amekuona akaingia ndani, babu, hapa kuna tope, na kuna mzungu yuko ndani ya tope. Siku hizi nikimuuliza anasema, "Babu, si upige picha?" Napiga. "Mwanamke amesimama kando ya barabara," inasema simu. "Anaonekana mwenye furaha." Tangu niipate, haijawahi kuniambia nani ananikimbia kwa sababu namdai. Yaani nimepata macho, nimepoteza umbea, na sina hakika kama biashara hiyo ilinilipa.

Nisiionee, lakini. Kuna barua.

Mwaka 1984 msichana mmoja wa Bumbuli aliniandikia barua kwa kalamu ya kawaida, kwa kuwa nukta nundu hakuzijua. Nikaipeleka kwa jirani, kijana wa rika langu, anisomee. Aliisoma akiwa amesimama. Alipofika katikati akakohoa, kikohozi kikavu kisicho na makohozi, halafu akarukia "wako akupendaye." Nilijua kuna maneno yamemezwa. Asiyeona hasomi karatasi, anamsoma anayemsomea. Lakini ningefanya nini? Kumpelekea barua hiyohiyo jirani wa pili ilikuwa sawa na kuibandika mtini pale stendi. Nikaikunja, nikaiweka ndani ya Biblia, msichana nikamwoa, mambo yakaendelea.

Mwaka jana nikaitoa. Nikaitandaza mezani, nikainyoosha kwa kiganja, nikapiga picha. Simu ikaanza kusoma. Kwenye mkunjo ikakwama, ikasema neno moja halisomeki (kumbe inaweza kukiri, ikiamua), ikaendelea. Na pale kwenye kikohozi ikasoma hivi: "Huyo jirani yako anayekusomea barua usimwamini sana. Alinifuata Soni akaniambia wewe umeshachumbia Mlalo."

Nilikaa muda. Kisha nikamkumbuka ng'ombe wa Irente, mwenye mabaka. Nikamwita mke wangu, nikampa karatasi, sikumwambia simu imesema nini.

Akaisoma kimyakimya. Nikamsikia akicheka kwa pua.

"Ndivyo nilivyoandika," akasema. "Mlalo, kabisa."

"Sasa miaka yote hii mbona hukuniuliza kama nimeipata hiyo habari?"

"Nilijua umesomewa. Nikasema, mume wangu ana moyo, amemsamehe mwenzake na bado wanakunywa kahawa pamoja."

Jirani mwenyewe bado yupo, ana afya, anauza peasi karibu na stendi. Jumamosi iliyopita nilinunua kwake za elfu nane. Nikampa noti ya elfu kumi, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote na haihitaji simu kuijua. Peasi nilizihesabu kwa mkono, moja moja, na chenji ya elfu mbili niliipima urefu kwa kidole mbele yake. Akaniuliza, "Mwalimu, leo vipi, huniamini?" Nikakohoa.