Sauti Niliyoisikia Peke Yangu

Kwa zaidi ya nusu ya umri wangu nilikuwa na sauti nzito. Nzito kwelikweli, sauti ya mtu ambaye akisema "tuombe" hata mbwa wa jirani wanafumba macho. Ila sauti hiyo nilikuwa nikiisikia mimi peke yangu. Watu wengine wote wa Kanyakine, huku kwetu Meru, tangu kina mama wauza ndizi sokoni hadi makanga wa matatu za Nkubu, walikuwa wakisikia kitu kingine kabisa: chembamba, cha juu, chenye ncha. Hawakuniambia. Wao kwa wao walikuwa wameshalijadili jambo hilo, wakalimaliza, wakaendelea na maisha.

Wataalamu wa masikio wana maelezo yake. Mtu anapoongea, sauti yake humfikia kwa njia mbili. Moja ni hewani, kama inavyomfikia jirani. Nyingine ni ndani kwa ndani, kupitia mifupa ya fuvu, na mifupa ina upendeleo: huipitisha vizuri zaidi ile mitetemo ya chini inayoipa sauti uzito. Ndiyo maana karibu kila mtu akisikia sauti yake kwenye simu hukunja uso na kuilaumu simu. Mimi niliilaumu simu, nikaulaumu mtandao, na mara moja nikaulaumu ukungu wa Mlima Kenya, ambao nilidai ulikuwa umeingia kwenye kinasa sauti.

Ushahidi ulikuwepo, tena mwingi. Nikiwa kwenye matatu, mtindo wangu ulikuwa kusubiri kituo kikaribie, kisha kutamka kwa utulivu wa mtu mzima, "Dereva, hapo." Hakuna dereva aliyewahi kunisikia. Muziki ulikuwa umejaa gari, nami nilikuwa nimejishusha hadi kule chini nilikodhani sauti za wanaume hukaa. Kituo kikishapita hofu ilinishika, na hofu haina muda wa kuigiza. "Shukishaaa!" Gari likasimama kwa kishindo, makanga akaligonga ubavuni: "Pole pole dere, mama anashuka!" Nikashuka mimi na ndevu zangu. Makanga akabaki ameshika mlango, anachungulia nyuma yangu kumtafuta mama.

Basi nikarudi nyumbani kwa miguu, na huku kwetu, kwenye miteremko ya mashariki ya mlima, kituo kilichopitwa hulipwa kwa magoti. Njia nzima nilikuwa nawasikitikia vijana wa siku hizi kwa jinsi masikio yao yalivyoharibika.

Kanisani nilijiunga na kwaya, upande wa besi bila shaka. Mwalimu wa kwaya, mtu mpole kupita kiasi, hakunikatalia. Alichofanya ni kunisogeza. Jumapili moja alisema pale niliposimama panaziba mwanga. Nyingine akasema mstari haujanyooka. Kidogo kidogo nikajikuta katikati ya watu wa tenori, nikaendelea kusogea, na siku nilipogusana bega na kina mama wa alto nilipewa cheo kipya cha kutunza majoho ya kwaya. Nikakipokea kwa fahari. Nilidhani nimepandishwa.

Kilichofichua mambo ni ruracio, yale mazungumzo ya mahari. Binamu yangu alikuwa anaposa upande wa Mitunguu, kule chini kwenye joto na migomba, na ujumbe wetu ulihitaji msemaji. Nilijitolea kabla mtu hajakohoa. Wazee wa pande zote mbili waliketi, tukaanza habari za ng'ombe, kondoo na asali, nami nikazungumza kama mtu aliyezaliwa kwa ajili ya siku hiyo. Wazee walitikisa vichwa kwa kukubali. Tulipunguziwa hata kondoo mmoja. Nilirudi Kanyakine nikijihesabu miongoni mwa watu ambao, kama Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru, wangekuwa na haraka ya kutafuta damu changa, wasingenipita.

Mpwa wangu alikuwa amerekodi kila kitu. Jioni hiyo akaitupia video kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Nikaifungua. Kulikuwa na mwanamke anaongea. Anaongea vizuri, hoja zake zimepangika, ila nilishangaa kwa nini amechukua maneno yangu neno kwa neno. Halafu kamera ikageuka, nikauona mdomo wangu ukienda sambamba na yule mwanamke. Mpwa wangu alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni, kwa hiyo simu ilinasa pia sauti ya nyanya wa bibi harusi, aliyekuwa ndani akichochea moto: "Huyo binti yao anajua kuongea. Ameolewa?"

Nilimwendea mke wangu, aliyekuwa anamenya nduma.

"Mama watoto, hivi sauti yangu ikoje?"

Akaweka kisu chini. "Nani amekuambia?"

Jibu hilo lilinitosha. Lakini binadamu akishafunguliwa mlango huingia hadi chumbani, nami nikauliza kama kuna jingine. Kulikuwa na mengine. Eti nacheka kabla ya kumaliza kisa, kwa hiyo watu hucheka kwa kunihurumia. Eti nikiishiwa hoja huhamia bei ya mbolea. Eti nikiongea na mtu wa Nairobi naficha Umeru wangu kwa nguvu zote, nazing'oa zile "n" tunazoziweka mbele ya "daktari" na "gari", hata zile za halali, mpaka siku moja nikaomba "dizi" hotelini na mhudumu akaniletea maji. Nilimwomba tuishie hapo. Nduma ilikuwa inapoa, nikamwambia, ingawa ilikuwa haijapikwa.

Sasa, kuna watu wanaokodishwa kuja kwenye kumbi na makanisa kutufundisha kujiamini. Nimewasikiliza wengi, na baadhi yao wanavaa vizuri sana. Wanasema simama mbele ya kioo, jiambie wewe ni simba, amini hivyo, na dunia itaamini. Ningependa kuwasaidia kwa uzoefu wangu. Mimi niliamini. Niliamini kwa miaka, bila kioo, bila kiingilio. Imani sikuwahi kuikosa. Nilichokosa ni taarifa. Na ile imani isiyo na taarifa ilikuwa kazi ya kuchosha ajabu, maana kila mara nililazimika kuizunguka hali halisi: makanga ni kiziwi, simu ni mbovu, mwanga wa kanisa una kasoro. Mtu akijumlisha visingizio hivyo anaona nilikuwa najilinda dhidi ya kitu ambacho moyoni nilikuwa nakishuku.

Mwaka 1955 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Joseph Luft na Harrington Ingham, walibuni mchoro unaoitwa Dirisha la Johari. Msomaji asitafute lulu humo; ni vifupisho vya majina yao tu. Dirisha lina vioo vinne, lakini kinachonihusu ni kimoja, kile cha mambo ambayo wengine wanayajua juu yako na wewe huyajui. Wenyewe walikiita eneo la upofu. Kwa mtu wa mjini, anayebadilisha majirani kila anapohama nyumba, kioo hicho huenda ni kidogo. Kwa mtu aliyezaliwa Kanyakine, akasoma Kanyakine na kuoa ng'ambo ya bonde, ni kikubwa kuliko nyumba yenyewe. Faida ni kwamba wenye funguo unawajua na unaweza kuwauliza, mradi uwe umekula kwanza.

Ugumu wa kuuliza unatokana na ile hofu kwamba kila jicho liko juu yako. Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake waliichunguza hofu hiyo, wakachapisha matokeo mwaka 2000. Waliwavalisha wanafunzi fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, ambayo kijana wa wakati ule angeona haya kuivaa, wakawaingiza kwenye chumba chenye wenzao kadhaa. Waliovaa walikisia kwamba karibu nusu ya waliokuwamo wangeitambua ile picha. Walioitambua walikuwa robo hivi.

Utafiti mzuri, ila nashauri usirudiwe Kanyakine. Ukivaa fulana ngeni hapa, mwuza nyanya ataiona, fundi viatu atauliza umeipata wapi, na mama yako atakuwa na habari kabla hujafika getini. Hapa wanaona wote. Hata hivyo, nilipoanza kuuliza niligundua kwamba kuona wanaona, lakini hawakubebi kichwani. Sauti yangu kwao ilikuwa habari ya kawaida tu, kama vile kusema fulani ana mguu mrefu au duka la fulani lina mlango wa kijani. Aliyekuwa akihangaika nayo ni mimi, niliyekuwa sijui kwamba ninayo.

Mama yangu ndiye aliyelimaliza. "Hiyo ni sauti ya babu yako, baba yangu," alisema bila kuacha kupeta maharagwe. "Alimchumbia nyanya yako akiwa ng'ambo ya mto, na akasikika kila neno. Wenye besi walilazimika kuvuka, wakalowa."

Kwamba jambo unalolitaja mwenyewe halikudhuru, wenye akili walilijua zamani. Jasper Muthomi, yule mchekeshaji MC Jessy wa kipindi cha Churchill Show, hakupanda jukwaani kuwaficha watu kwamba ni Mmeru. Aliwacheka Wameru wenzake na kujicheka mwenyewe, nchi nzima ikamjua, na kufikia mwaka 2022 alikuwa anawania ubunge wa hapa hapa kwetu Imenti Kusini. Mtu aliyekwisha kujitania mbele ya watu, mpinzani atamtania kwa lipi?

Mimi sina mpango wa ubunge. Nilichofanya ni kurudi kwenye matatu na kuanza kupaza sauti mapema, kwa sauti yangu mwenyewe. Nashushwa mlangoni. Makanga bado wananiita mama, nami huwajibu "asante mwanangu", na kuna mmoja ambaye tangu hapo hupokea mizigo yangu bila kudai nauli ya gunia.

Halafu ikaja harambee ya kuezeka madarasa. Mshereheshaji alikuwa bwana mmoja mwenye besi ya kweli, ya kutoka kifuani, na kwa muda wote kipaza sauti kilipokuwa hai alipendeza. Stima ikapotea. Bwana akaendelea, lakini besi bila umeme, uwanjani, penye watoto, upepo na mama anayekaanga mandazi, haifiki mbali. Sikio la binadamu ni kali zaidi kwa mitetemo ya kati ya 2,000 na 5,000 kwa sekunde, huko juu huko, upande wangu wa kuzaliwa. Watu wakaanza kugeuka, wakinitafuta kwa macho. Mwalimu wa kwaya mwenyewe akanisukuma mbele.

Nikasimama juu ya benchi. "Kwa walio nyuma wasioniona," nikasema, "mimi ni mwanamume, na nina ndevu." Wakacheka kabla yangu, kwa mara ya kwanza. Nikasoma majina na michango, nikanadi jogoo na mikungu ya ndizi, pesa zikaanza kutembea. Katikati ya mnada mzee mmoja, kule mwisho kabisa karibu na uzio, akainua mkono. Nikamwuliza kama hanisikii.

"Nakusikia vizuri sana, kijana wangu," akasema. "Nilikuwa naomba upunguze kidogo."