Ufunguo Umekwenda Gongoni

Saa kumi na moja jioni, siku ya harusi, Prado jeupe lenye utepe wa waridi na maua ya plastiki lilizimwa kidogo tu katikati ya kichochoro cha Mambrui, kisha likakataa kuwaka. Halikuwa na pancha, mafuta yalikuwa nusu tangi, na injini ilikuwa nzima kama siku ilipotoka Japani. Dashibodi iliandika kwa adabu kwamba ufunguo hauonekani. Bi harusi alikuwa siti ya nyuma, amejitanda, amenyamaza. Mbele, mwandishi wa makala haya alikibonyeza kitufe cha kuwashia mara ya kumi na nne, kama mgeni anayebisha hodi kwa watu waliohama.

Gari halikuwa lake. Miezi minane alikuwa akijipiga kifua nyumbani kwamba atanunua gari la maana, gari la mtu mzima, na miezi minane mkewe alikuwa akimjibu kwa neno moja: "Likodi." Mwishowe wakapatana. Mpwa anaoa Mambrui. Mwandishi akakodi Prado Malindi kwa siku tatu, alionje, kisha ndipo azungumze habari ya kununua. Kodi ya siku hizo tatu ingetosha mbuzi wanne. Mkataba ulimkataza kutoka nje ya lami, ukamkataza kupakia mizigo, ukamkataza chakula ndani ya gari. Akatia sahihi, akaweka arbuni, akavuka daraja la Sabaki dirisha wazi ili aonekane. Njia nzima hakukutana na mtu hata mmoja anayemjua. Akarudi, akavuka tena.

Mbele ya nyumba ya harusi ni mchanga mtupu, kwa hiyo sharti la kwanza lilivunjika kabla hajashuka. La pili lilivunjwa na sufuria za biriani, jenereta na mbuzi wawili. La tatu lilivunjwa na shangazi, aliyepanda na bakuli la halwa mapajani na kusema kwamba yeye hatii kitu mdomoni, anaishika tu.

Shangazi ndiye kiini cha msiba. Mfuko wa kanzu ya mwandishi ulikuwa umetoboka, naye akampa ule ufunguo amtilie mkobani. Baada ya chakula cha mchana shangazi alichoka, akaomba apelekwe kwake Gongoni. Akapelekwa, akashuka na mkoba wake, akamwombea kila mtu dua. Gari likapiga kelele: pi, pi, pi. Mwandishi akadhani ni mkanda, akaufunga vizuri zaidi. Magari haya ya kitufe, injini ikishawaka, haijizimi kwa sababu tu ufunguo umeshuka. Yanakuonya, kisha yanakuacha uende zako. Akaenda zake mpaka Mambrui, akampakia bi harusi wa kupelekwa Malindi kwa mumewe, akazima injini dakika moja ili wapiga picha wapate utulivu.

Simu ya shangazi iliita bila kupokelewa. Nayo ilikuwa mkobani.

Kijana wa bodaboda akatumwa Gongoni. Bi harusi akahamishiwa kwenye tuktuk yenye maandishi ya timu ya mpira wa Uingereza, akaondoka kwa vigelegele vilevile. Prado likabaki limeziba njia, na kwa kuwa lilisimama sawasawa mbele ya baraza, wazee wa barazani wakaona limeletwa lijadiliwe.

Ami yake mwandishi, aliyefundisha madrasa miaka mingi, akaanza. "Umelinunua kiasi gani?" Akaambiwa ni la kukodi. "Heri yako." Akachukua kadi ya mwaliko, akaigeuza mgongo, akaomba kalamu. Haya, akasema, chukua Prado la dizeli. Kwanza lazima liwe halijapita miaka 8 tangu kuandikishwa mara ya kwanza huko lilikotoka, la sivyo Kenya haliingii. Tuseme forodha imelithamini milioni moja, ingawa thamani hiyo huwekwa na wao na si risiti yako ya Japani. Ushuru wa kuingiza, asilimia 35. Injini ya dizeli ikipita cc 2500, ushuru wa bidhaa asilimia 35 nyingine, tena si ya ile milioni. Ni ya milioni pamoja na ushuru wa kwanza. Kisha VAT asilimia 16 juu ya vyote hivyo. Ami akapiga mstari: milioni 1 imekuwa milioni 2.11, na bado hajagusa tozo ya reli. "Ushuru umelizidi gari," alisema. "Malindi walipompeleka twiga kwa mfalme wa China mwaka 1415, ulisikia mtu akidaiwa VAT?"

Mambrui wana haki ya kuitaja China. Mwaka 2010 wachimbaji wa mambo ya kale, Wachina na Wakenya, walifukua hapo sarafu ya shaba ya enzi ya Yongle, mfalme wa mwanzo wa karne ya 15. Tangu hapo kila mjadala wa biashara barazani hupitia Beijing kabla ya kufika dukani.

Jirani mmoja, aliyestaafu udereva wa serikali, akasema hata wakubwa swali hili la gari liliwahi kuwashinda. Juni 2009 Uhuru Kenyatta, wakati huo Waziri wa Fedha, alitangaza kwenye bajeti kwamba mawaziri wayarudishe magari yao makubwa, wapewe yasiyozidi cc 1800. Zikaja Volkswagen Passat. Baadhi ya wakubwa waliziingia kama wanaoingia ndoo. Polisi nao, tangu 2013, wanatembelea magari mengi ya kukodi: serikali inalipa kodi, na mwenye gari ndiye anayelitengeneza. "Ukiliona Land Cruiser la polisi," alisema mstaafu, "usidhani ni lao. Nao ni wapangaji."

"Kama huna pesa taslimu, benki ziko," akasema Ami. Tangu 2008 Kenya ina benki zinazofuata sharia, naye akaeleza njia mbili kama anayeeleza aina za maji ya udhu. Murabaha: benki inalinunua gari, inakuuzia kwa faida unayoijua tangu mwanzo, unalipa kidogo kidogo. Ijara: gari ni la benki, wewe unalipa kodi ya kulitumia, na mwisho wa muda, mkiwa mmeahidiana hivyo, linakuwa lako. "Kwa ijara, ubovu mkubwa ni wa mwenye mali. Wako ni mafuta na magurudumu."

"Na chumvi ni ya nani?" aliuliza fundi, aliyekuwa amelala kifudifudi akichungulia chini ya gari bila kuombwa. Huku upepo wa kusi unapeperusha chumvi ya bahari, na kule Gongoni na Kurawa kuna mashamba ya chumvi. Fundi akakwangua kidogo kwa ukucha, akaonyesha kutu. Hakuna aliyeweza kusema sharia inaiweka kutu upande gani. Ami akaahidi kuuliza.

Baina ya magharibi na isha bodaboda ikarudi. Ufunguo ulipatikana chini ya mto wa mjukuu wa shangazi, ambaye alikuwa ameshaubonyeza mchana kutwa akitafuta katuni. Ulinata halwa. Gari likawaka kwa mguso mmoja, na mzee wa barazani akaomba, maadamu limewaka, apelekwe mara moja tu hapo mbele.

Jumatatu karani wa kampuni alilizunguka gari na karatasi yake. Akaandika mchanga. Akaandika wali, akanusa zulia la nyuma, akaandika mbuzi, akafuta, akaandika tena. Arbuni ilikatwa nusu. Mwandishi alipanda tuktuk kurudi nyumbani, ile kadi yenye hesabu ya Ami ikiwa mfukoni, mfuko mzima safari hii. Kabla hajafika simu ikalia. Alikuwa shangazi, kutoka Gongoni, anauliza lile gari letu litakuja lini tena, maana Ijumaa ana safari ya Marereni.