Sogea Tukae, Lakini Asogee Nani?

Ah, jamani! Jamani, jamani! Jiji hili la Dar es Salaam vituko vyake haviishi, lakini hiki cha watu wawili kupendana kisha kuanza kugombea nani abebe godoro kwenda kwa mwenzake kimenishinda kukinyamazia. Mapenzi yameiva, simu zinaongeleka mpaka saa nane za usiku, wameshaitana "mke wangu" na "mume wangu" mpaka majirani wamezoea. Likija suala la kuhamia pamoja, basi! Utadhani Mkutano wa Berlin umeitishwa upya.

Na hukumu mnaijua, inatoka kabla kesi haijasomwa: mwanamke ndiye asogee. Kwa nini? "Mwanaume hahamii kwa mwanamke." Kasema nani? "Watu." Watu gani? Hapo sasa kila mtu anachungulia kikombe chake cha kahawa. Mnh! Watu hao hawajawahi kuonekana, kodi hawachangii hata senti tano, lakini ndio wanaopanga nani alale wapi mjini hapa.

Kuna binti mmoja, jina namsitiria, anauza vitambaa Kariakoo. Alipanga Magomeni chumba na sebule, choo ndani, maji yanatoka bombani, na LUKU yake peke yake. Nyie mnaoishi nyumba za kupanga mnajua maana ya LUKU ya peke yako: hakuna jirani wa kupiga pasi usiku kucha kwa umeme wako, hakuna vikao vya kuchangishana koridoni. Asubuhi anapanda mwendokasi, kufumba na kufumbua yuko dukani. Mpenzi wake naye alikuwa na chumba kimoja Chanika, choo cha nje cha kuchangia, maji ya kununua kwa ndoo. Haya, jamaa anafanya kazi wapi? Kariakoo hiyo hiyo! Sasa mwenye akili zake timamu aniambie, nani alitakiwa kusogea?

Kirikuu kilikuja Jumamosi asubuhi kubeba vitu, kutoka Magomeni kwenda Chanika. Nilisonya mpaka kahawa ikapoa.

Laiti mngekiona kile kirikuu! Kitanda cha sita kwa sita kimefunguliwa, mbao zimefungwa kamba ubavuni. Friji imesimamishwa nyuma, imezungushiwa blanketi. Mtungi wa gesi umebanwa katikati ya ndoo mbili za masufuria. Binti mwenyewe kakaa mbele na dereva, kaikumbatia televisheni mapajani, anatupungia mkono wa kwaheri huku anacheka. Walipofika Chanika kicheko kikakata. Kitanda hakikuenea chumbani, na hata kingeenea, ndani kuna cha jamaa cha nne kwa sita kimeshashika nafasi yake na hakiondoki, eti kina historia. Sita kwa sita ikauzwa kwa bei ya kutupa kwa jirani aliyejitokeza haraka mno, kana kwamba aliambiwa mapema. Friji ya binti ikakuta friji ya jamaa, iliyokufa siku nyingi, inawekewa viatu. Haikutolewa! Zikasimama mbili, moja ya maziwa, moja ya raba. Kabati la vyombo likaishia kibarazani, mvua ya kwanza ikalivimbisha milango.

Na sasa? Binti anaamka saa kumi alfajiri kuwahi daladala. Jamaa naye anaamka saa kumi hiyo hiyo. Wote wawili wanasinzia kwenye siti, vichwa vinagonga kioo, wanavuka jiji zima kwenda mahali ambapo wangekuwa wameshafika, wamekunywa chai na maandazi, na bado wana muda wa kusengenya. Yote hayo kulinda heshima ya mtu mmoja, ambaye heshima yenyewe anaibeba usingizini. Aka!

Msije mkasema mzee anawaonea wanaume. Ngojeni niwape upande wa pili, mtachoka zaidi.

Yuko fundi wa mafriji, kijana mchapakazi, aliyekubali kuhamia kwa mwenzake Kinyerezi. Mwanamke ana nyumba, kaijenga mwenyewe kwa fedha za vikoba, mfuko wa saruji mmoja mmoja, bati moja moja. Fundi akaona kuna haja gani ya kulipa kodi kwingine? Akahamia. Weee! Mtaa ulimvua nguo. "Kaolewa." "Marioo huyo." "Analelewa." Kijana analipa umeme, analipa maji, ada ya mtoto wa mwanamke anatoa yeye, amesimamia ukuta mpaka umekwisha. Hayo hakuna aliyeyahesabu. Watu waliona ndala zake kwenye kibaraza cha mwanamke, hesabu ikaishia hapo. Akienda kunyoa anaulizwa kama ameaga nyumbani. Akichelewa kijiweni anaambiwa awahi, geti litafungwa.

Kisha akaja mama yake mzazi kutoka kijijini. Chakula kimeandaliwa, wali wa nazi na kuku, yule mama akakaa kwenye kochi na mkoba wake magotini, wala hakuuweka chini. "Mimi nimekuja kwa mwanangu. Hapa ni kwa watu." Hakugusa hata tonge. Fundi wa watu machozi yakamlenga.

Mnajua waliamuaje? Shikeni vichwa. Walihama wote wawili! Nyumba ya mwanamke wakaipangisha, wao wakaenda kupanga Tabata. Kodi ya miezi sita wakalipa mkupuo, dalali akachukua kodi ya mwezi mzima kwa kazi ya kuwaonyesha mlango. Fedha wanazopokea kwa mpangaji wao ndizo wanazompelekea mwenye nyumba wao. Wana nyumba, na wanafukuzana na kodi! Lakini mkataba una jina la mwanaume, na mama mkwe siku hizi akija anakula. Makubwa! Madogo yana nafuu.

Ukiwauliza, wanapiga kifua: "Mila zetu!" Loh! Mila zipi, wanangu? Nani kawafundisha mila nusu? Kamwulizeni Myao wa Tunduru au Masasi. Kwa desturi ya wazee wake, kijana akioa alikwenda kuishi kijijini kwa mkewe, akalima huko, akapimwa uanaume wake kwa jembe. Waluguru wa pale Morogoro ukoo wao unapitia kwa mama, na mashamba yamefuata ukoo. Panda pwani mpaka Lamu: wenye uwezo walimwandalia binti yao nyumba, bwana harusi ndiye aliyeingia. Vuka bahari mpaka Ngazidja kwa ndugu zetu wa Komoro, mpaka leo nyumba ni ya binti, anajengewa na watu wake, na mume anakuja na masanduku yake ya nguo. Nao ni wanaume, tena wanaume wa vilemba na majoho, wanaotembea vifua mbele. Hakuna anayewauliza kama wameaga nyumbani.

Nakubali, ziko mila za mwanamke kumfuata mwanaume, nazo zina akili yake. Kijana wa Kichaga alikatiwa kihamba na baba yake, pana migomba, pana kahawa, pana makaburi ya mababu. Hapo mwanamke alikuwa anakwenda kwenye ardhi na ukoo wa kumpokea. Lakini wewe mwenye chumba kimoja Mbagala, unapandishiwa kodi kila mwaka, mwenye nyumba akikasirika Jumatatu Ijumaa uko nje, kihamba chako kiko wapi? Babu yako nani kazikwa kwenye chumba cha kupanga? Unatetea ardhi ya ukoo gani? Ah!

Haya, tuwaache wenye kuamua. Kuna wasioamua kabisa, nao ndio wengi. Kuhama kwao hakuna kirikuu. Kunaanza na mswaki. Wiki inayofuata unaona kanga imeanikwa kambani. Kisha inakuja hotpoti, kisha sufuria ya ugali "kwa sababu yako imetoboka", kisha mto, kisha pasi. Ukiwauliza lini walihamia pamoja, wanatazamana. Mama mwenye nyumba ndiye anayejua tarehe, maana alianza kuona simtanki linaisha haraka. Anasimama uani, mikono kiunoni: "Eti baba, huyu mgeni wako anaondoka lini?" Jamaa anajikuna kisogo. Mgeni yuko jikoni anakaanga samaki, amevaa kaptura ya mwenyeji!

Wakati huo upande wa pili kuna chumba kinalipiwa kodi bila kulaliwa. Mpaka siku jamaa anapotoa busara yake: "Sasa wewe unalipia chumba cha nini?" Binti anarudisha funguo, vitu anagawa, meza kwa mdogo wake, jiko kwa shoga yake. Hapo ndipo ninaposonya kwa uchungu wa kweli. Usiache mbachao kwa msala upitao; wazee walilisema hilo, watu wakalichapa kwenye kanga, wakaivaa, na hawakulisoma.

Maana ugomvi haubishi hodi. Siku unakuja kwa jambo dogo, chumvi tu, au simu imelia saa mbaya. Sauti zinapanda, mmoja anatamka: "Toka kwangu!" Basi, imekwisha. Aliyehama anasimama katikati ya chumba, anaangalia: kitanda chake kilishauzwa, meza iko kwa mdogo wake, chumba chake kimeshapangishwa kwa mwingine. Mikononi ana mfuko wa nailoni na saa ni tano za usiku. Wangapi tumewapokea hivyo? Wangapi tumewagongea shangazi zao? Msinyamaze, mnawajua! Na wanaume wamo. Wapo waliohamia kwa mwanamke, wakajenga uzio na kuchimba kisima, wakatolewa na begi moja la nguo.

Hapo ndipo kijiwe kizima kinageuka mahakama. "Wameishi miezi sita, ni mke huyo kisheria!" Nani kawadanganya habari ya miezi sita? Imezunguka vijiweni mpaka imeota ndevu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema miaka 2 au zaidi, tena muwe mmeishi kwa namna ambayo watu wanawatambua kuwa mume na mke. Na hata hapo inakuwa dhana ya ndoa, yaani mwenzako anaruhusiwa kuipinga na kuleta ushahidi wake. Mali nazo zinaangaliwa kwa mchango wa kila mmoja. Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1983, kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Lakini mchango unathibitishwa. Wewe uliyetoa fedha ya tofali mkononi, bila risiti, bila shahidi, utamwonyesha hakimu nini? Mapenzi?

Kwa jirani zetu Kenya, Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua shauri la watu wawili walioishi pamoja miaka na miaka. Ikasema hiyo dhana ya ndoa isitumiwe ovyo, na wale wawili haikuwatambua kuwa ni mume na mke. Nyumba ikagawanywa kwa kadiri kila mmoja alivyochangia, mmoja asilimia 70, mwenzake 30. Watu wamepanda ngazi za mahakama mpaka ya juu kabisa, kwa neno ambalo lingeandikwa kwenye karatasi siku ya kuhamia!

Ndugu zangu, sikatazi watu kukaa pamoja. Wanaotaka ndoa wafunge ndoa, na hilo ndilo ninalowaombea. Ninachokililia ni hesabu. Anayehama ndiye anayetoa zaidi: anaacha paa lake, majirani zake, duka linalomkopesha sukari, njia fupi ya kazini. Kwa hiyo msiulize nani mwanaume. Ulizeni nyumba ipi ina maji, ipi iko karibu na riziki zenu wote wawili, ipi kodi yake haiwatoi jasho la damu, watoto watasoma wapi. Jibu likiangukia kwa mwanamke, mwanaume apakie, atembee kifua mbele. Likiangukia kwa mwanaume, atoe ile friji ya viatu, mwenzake apate pa kuweka vitu vyake. Mkiona majina ya mtaani yatawatafuna, hameni wote, mkaanze mahali ambapo hakuna mwenyeji.

Na popote mtakapokwenda, mkataba wa pango uandikwe majina mawili. Mkajitambulishe serikali ya mtaa wote wawili. Risiti ziwekwe, za saruji, za bati, za kitanda. Mwenzako akikataa kuliandika jina lako kwenye karatasi ya kodi ya miezi sita, huyo unamhamia kwa dhamana ipi? Kirikuu kiambie kisubiri, na dereva mlipe hela yake ya kusubiri. Hiyo ni rahisi kuliko kodi ya kuanza upya.